Sikuulizwa Mara ya Pili

Ghati mwanangu, mama yangu,

Tulifundishwa shuleni kwamba barua huanza kwa kusema mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Lakini wewe hujaenda mbali. Uko chumba cha pili, nakusikia ukikohoa, na mimi si mzima hata kidogo. Nina hasira tangu Jumapili na sijui niielekeze kwa nani, ndiyo maana nimechukua karatasi.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako amekwisha kukuambia habari za sweta, za baridi ya Arusha, za kutomwachia mtu begi ukishuka kula. Amekuambia yote hayo ingawa wewe umesema huendi, na tiketi ya kesho hajairudisha. Nilimuuliza kwa nini hairudishi, akaniangalia tu, akaendelea kuchambua maharage. Unamjua Robi. Akinyamaza namna ile ujue kuna mtu amekosea na mtu huyo si yeye.

Jumapili baada ya ibada ulinikuta uani naanika shuka za ile gesti ya Tarime mjini. Ukashika upande wa pili wa shuka kama tulivyozoea, ukasema, "Baba, nimefikiria. Siendi. Hii kazi yetu nani atakusaidia? Nitawaandikia wampe mtu mwingine hiyo nafasi." Ulikuwa unaangalia shuka, huniangalii mimi. Nami nikajibu haraka, kama mtu aliyekuwa anasubiri, "Sawa, mama. Naheshimu uamuzi wako." Tukamaliza kuanika, ukaingia ndani. Nikabaki na bakuli la vibanio mkononi, furaha imenijaa mpaka nikaona aibu kuwa na furaha kiasi kile. Ilipofika saa ya kuanua nguo ndipo nikakumbuka kwamba maneno yale niliyokuambia si yangu. Niliwahi kuambiwa mimi, neno kwa neno, na mtu mwema kabisa, na yaliniharibia maisha.

Kwa hiyo sasa nitakueleza habari za kampuni, ile ya kambi za watalii niliyoifanyia kazi. Unadhani unazijua. Umekua ukizisikia kila nilipokuja likizo na mfuko wa sabuni ndogo za wageni, nikikusimulia twiga aliyepita karibu na hema na mzungu aliyetaka kupigwa picha na pasi ya mkaa. Yote yale ni kweli. Ila nilikuwa nakusimulia twiga ili nisikusimulie mengine.

Niliingia pale nikiwa kijana, nikiwa nimeoa juzijuzi tu. Kambi iko ng'ambo ya Machochwe, karibu na mpaka wa hifadhi, mahema ya turubai yenye vitanda vizuri kuliko vya hospitali. Waliniajiri udobi. Wewe umekulia kwenye sabuni kwa hiyo huoni ajabu, lakini wakati ule mwanaume wa Kikurya kufua nguo za watu ilikuwa ni kichekesho cha kijiji kizima. Baba yako mkubwa Chacha, kaka yangu, alikuwa akiniona nashuka kwenye gari la Mugumu anasimama katikati ya watu na kusema, "Mura, leo umefua chupi za nchi gani?" Watu wanacheka. Nami nacheka, kwa sababu ukinuna ndiyo wanazidi. Nilikuwa nafika hapa Nyarero nikiwa nimekwisha kujitayarisha kucheka.

Kule kambini hakuna aliyenicheka. Hilo nakuambia kwa haki yao. Walinifundisha aina za vitambaa, kipi kinapigwa pasi kikiwa kibichi na kipi kinaharibika. Waliniletea mwalimu wa Kiingereza, mimi niliyeishia darasa la saba, na nilipochelewa kuelewa hakunifokea. Nikatoka kwenye kufua nikawa wa kupiga pasi, nikatoka kwenye pasi nikawa wa vyumba, kisha wakanipa stoo ya matandiko yote na funguo zake. Ulipougua malaria ile iliyokupanda kichwani, gari lililokufikisha hospitali lilikuwa la kampuni, na dereva alikesha nje mpaka ulipofumbua macho. Upepo ulipong'oa paa la nyumba hii, mabati unayoyaona juu yako walileta wao. Kampuni mbaya ningeiacha miaka mingi iliyopita, nikarudi nikalima mahindi na kuwalea nyinyi. Watu wema wanakuchosha, Ghati. Huna pa kuwachukia.

Walikuwa na desturi yao, waliita kikao cha kukua. Kila msimu wa wageni ukiisha meneja anakuita peke yako, anakumiminia chai kwa mkono wake, anakuuliza unajionaje, ungependa kujifunza nini, unataka kufika wapi. Mara ya kwanza nilijua nafukuzwa. Kwetu mkubwa akikuita peke yako akakupa chai, ujue lililobaki si zuri. Niliinywa ile chai ikiwa ya moto hivyohivyo ili aliseme nikafungashe vitu. Meneja akasema, "Mzee Marwa, tunataka ukue pamoja nasi." Sikuwa mzee wakati ule, lakini nikavimba kichwa.

Meneja wetu alikuwa Madamu Upendo, kwao Iringa. Sijawahi kumsikia akipaza sauti. Alijua jina lako na jina la mama yako, na mwaka uliofaulu kuingia sekondari alinitumia ujumbe wa pongezi kabla hata sijapata habari kutoka hapa nyumbani. Mwaka mmoja, kwenye kikao hicho cha kukua, akaniambia kampuni inataka mtu mmoja wa kusimamia vyumba na ufuaji wa kambi zake zote. Mtu huyo atapelekwa Arusha kusoma nusu mwaka, halafu atakaa hukohuko makao makuu, na familia yake itahamishwa ikae naye. Akasema, "Nimekufikiria wewe. Unaonaje?"

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo kila kitu kilipo. Wewe umelelewa hapa, unajua mtu akifika nyumba ya watu na kuwakuta wanakula anafanya nini. Anaambiwa karibu chakula, anasema asante, nimetoka kula sasa hivi. Hajala tangu asubuhi, na wote waliokaa pale wanajua hajala. Wanamwambia hata kidogo tu. Anasema jamani nimeshiba. Ndipo kigoda kinaletwa, maji yanamiminwa mikononi mwake akiwa bado anakataa, na anakula kuliko wenyeji. Anayekubali neno la kwanza ni mlafi, na mwenyeji anayeishia kwenye neno la kwanza ni mchoyo. Hivyo ndivyo nilivyolelewa na bibi yako, mwenye jina lako.

Basi niliposikia unaonaje, moyo uliruka mpaka nikashika meza. Niliwaona nyinyi wote Arusha. Nilijiona natoka kazini jioni nakuta mmekaa. Na mdomo wangu, mdomo wenye adabu, ukasema, "Aa, madamu, mimi ni mtu wa kufua tu. Wapo wengine wanaofaa zaidi." Nikainamisha kichwa, nikasubiri aseme hata kidogo tu.

Akaitikia kwa kichwa. Halafu akasema, kwa sauti ya upole kabisa, "Mzee Marwa, naheshimu uamuzi wako. Ni watu wachache wanaojijua hivyo." Akaniongezea chai.

Nadhani hata kwao Iringa mtu hukataa kwanza. Lakini kampuni ilikuwa imempeleka kwenye mafunzo ya kusikiliza, na kule walimfundisha kwamba mtu akisema hapana maana yake ni hapana, na kumsisitiza ni kumkosea heshima. Alikuwa ananiheshimu. Ungemwona uso wake usingekuwa na shaka.

Nikarudi stoo nikasubiri kuitwa. Nilipita mbele ya ofisi mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji, nimebeba taulo ambazo hazikuwa na safari yoyote. Siku moja nikapata moyo nikasimama mlangoni. Akainua kichwa, akasema, "Karibu, mzee Marwa. Kuna shida?" Nikasema, "Hakuna shida, madamu. Nilipita kukusalimia." Akafurahi kweli. Akaniambia niwe napita mara kwa mara. Nikatoka, nikaenda nyuma ya tangi la maji, nikakaa chini na taulo zangu.

Nafasi wakampa Emanuel, kijana wa Machochwe ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kukunja shuka ile yenye mpira pembeni, inayowashinda watu wote. Emanuel alipoulizwa alisema, "Ndiyo madamu, nashukuru sana, nitaiweza." Palepale, chai hajaimaliza. Nilimwona hana adabu. Mpaka leo namwona hana adabu, na watoto wake wamesoma Arusha wakilala nyumba moja na baba yao.

Kwenye sherehe ya kufunga msimu Madamu Upendo akasimama mbele ya wafanyakazi wote na wakubwa waliotoka makao makuu. Akasema kukua si lazima kupanda juu, kuna watu wanakua wakiwa wamesimama palepale, na mfano wetu ni mzee Marwa, ambaye alipewa nafasi kubwa akatambua nafsi yake. Wakapiga makofi. Nikaitwa mbele nikapewa chupa ya chai yenye nembo ya kampuni. Ile mnayotumia hapa ndani, ya kijani. Mama yako anaipenda kwa sababu haipoozi. Mimi umewahi kuniona nikijimiminia kutoka kwenye ile chupa?

Utauliza kwa nini sikusema baadaye. Kila mwaka kulikuwa na kikao cha kukua, kila mwaka chai. Lakini nilikwisha kuwa mfano. Nilikuwa nimewekwa kwenye hotuba. Wageni wapya kazini waliletwa stoo kuonyeshwa mtu aliyeridhika. Ningeanzia wapi kuwaambia kwamba sikuridhika hata siku moja, nilikuwa nasubiri kusisitizwa? Wangeniuliza kwa huruma kabisa kwa nini sikusema. Na swali lile, Ghati, kwa mtu mzima wa huku, halina jibu. Tunajua wote kwa nini hatusemi. Asiyejua huwezi kumweleza bila kuonekana mtoto.

Halafu akaugua bibi yako. Ulikuwa darasa la tatu au la nne, utakumbuka alivyolala chumba hicho unacholala sasa. Ilikuwa katikati ya msimu, nyumbu wamevuka, mahema yamejaa, na shuka zinapanda kama mlima. Chacha alinipigia simu. Madamu Upendo akaniona usoni, akaniita, akasema, "Mzee, nimesikia mama anaumwa. Unataka kwenda nyumbani? Gari lipo." Gari lipo. Dereva alikuwa amekaa ndani yake. Nami nikasema, "Aa, madamu, tuko na wageni wengi, nitaenda mambo yakipungua." Nilimwangalia machoni, nikamwomba moyoni anifokee, aseme panda gari mzee, usiniletee mchezo. Mtu yeyote wa Nyarero, hata mlevi, angenisukuma ndani ya lile gari. Yeye akanishika bega, akasema, "Tunashukuru sana kwa moyo wako wa kujitoa."

Nikafua shuka. Mama yangu akafa naanika.

Walikuja msibani karibu wote. Walileta jeneza zuri, maua, mchele, mafuta, na Madamu Upendo alivua viatu akakaa chini kwenye mkeka na wanawake, akalia machozi ya kweli. Mpaka leo kijiji kinasimulia msiba ule. Tulipomaliza kuzika, Chacha akanivuta pembeni. Nilidhani atanitania, nikaanza kujitayarisha kucheka kwa mazoea. Hakutania. Akasema, "Kampuni yako ni watu wazuri sana, mura. Wote wamefika. Wewe ndiye tulikukosa." Tangu siku ile hajaniuliza tena nimefua za nchi gani, na ningetoa chochote aniulize.

Nani amenikosea hapo? Nimelifikiria jambo hili miaka yote na sipati mtu. Madamu hakunikosea. Aliniuliza, nikajibu, akaniamini. Mimi nilifanya nilivyofundishwa na mama yangu, huyo huyo niliyemkosa. Ningepata hata mtu mmoja mbaya ningelala usingizi.

Nilipostaafu walinifanyia sherehe nyingine na kunipa zile mashine mbili za kufulia tunazotumia. Mchana ule nikaapa nikifika nyumbani nitabadilika, nitakuwa nasema ninachotaka mara ya kwanza, kama Emanuel. Unajua iliishia wapi. Tulikwenda kwa mjomba wako Mwita, ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, kuwasalimia. Tunaondoka, akatutoa mpaka zizini, akanionyesha yule ndama mwekundu, akasema, "Shemeji, chukua basi huyu, ukamfuge Tanzania." Nami nikasema, "Nashukuru sana, shemeji. Nitamchukua." Mama yako akaangalia ardhi. Mwita akacheka kidogo, akasema, "Sasa shemeji, si ungekataa kwanza? Sisi hivyo ndio tunafanyanga." Lakini neno limekwisha kutoka, na yeye si mtu wa kurudisha neno, akanifungia kamba. Nilitembea na ndama yule kurudi Tanzania nikiwa nimeaibika kuliko mwizi. Mama yako hakuniongelesha wiki hiyo. Alipoanza kuongea alisema kampuni imeniharibu, siwezi tena kuishi na watu. Labda ni kweli. Kule sikufaa kwa sababu nilikuwa wa huku, na huku sifai kwa sababu nilikuwa kule.

Sasa turudi kwako.

Miaka hii michache tangu nirudi ndiyo nimekuwa baba yako. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa sabuni ndogo. Ulipotoka chuo na cheti chako cha hoteli ukakuta nahangaika na mashine, hukuniuliza kama nataka msaada. Ulikunja mikono ya blauzi ukaanza kutenganisha nyeupe na za rangi. Wewe ndiye uliyekwenda Tarime na Sirari kuongea na wenye gesti, mimi ningeogopa. Wewe ndiye unayenikatalia kuinua beseni la maji. Tunakunja shuka wawili, unasogea kwangu nasogea kwako, na kila tukikutana katikati unanisimulia kitu. Nimekujua hapo, kwenye shuka za watu. Sikuwahi kufikiri kwamba nitakuwa na umri huu na kuamka nikiwa na hamu ya kazi.

Kisha wakakuita kwenye usaili, kampuni ileile. Wanataka kukusomesha uwe meneja. Sikuwaomba, na hawakujua kwanza kwamba wewe ni wangu. Ulirudi kutoka Mugumu usiku unaingia, ukasahau kula. Kwa siku kadhaa nilikusikia chumbani ukijisemesha Kiingereza mbele ya kioo, ukijibu maswali ambayo hakuna aliyekuuliza. Blauzi nyeupe umeipiga pasi mara mbili wiki hii na haijavaliwa. Ile barua ya kuwaambia wampe mtu mwingine hujaiandika mpaka leo, na begi hujalifungua. Mimi nimeishi kwenye nguo za watu maisha yangu yote, naweza kujua mtu anayetaka kuondoka kwa kuangalia alivyokunja nguo zake.

Na bado nilisema sawa. Ulinipa neno la adabu, nikalipokea kama nilivyompokea ndama. Hapana, vibaya zaidi, kwa sababu ndama nilimpokea kwa ujinga, na wewe nilikupokea nikijua. Sehemu fulani ndani yangu ilijua tangu ulipokwepa macho yangu. Nilikuwa na Madamu Upendo mzima ndani ya kifua changu, mpole, mwenye heshima, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi inavyofaa kuwa upande ule. Unaamini neno la mtu, unabaki na mtu wako wa kufua, na hakuna wa kukulaumu.

Kwa hiyo nakuuliza mara ya pili, kwa sababu mimi sikuulizwa. Ghati, unataka kwenda?

Kabla hujajibu, chukua na jibu langu, ili usije ukasema hukulijua. Mimi sitaki uende. Sitaki kabisa. Nitabaki na mashine na mama yako aliyeninunia, na nitakunja shuka peke yangu kwa kuzibana kidevuni. Wateja wa Sirari nitawapoteza kwa sababu sijui kuongea nao. Na nawaonea wivu hao watu wa Arusha, nawaogopa. Watakuwa wema kwako. Watajua siku yako ya kuzaliwa. Watakupa chai na kukuuliza unataka kufika wapi, na miaka itapita wewe ukiwashukuru. Kama wangekuwa wabaya ningekuzuia na roho yangu ingetulia. Wala sikuombi uwachukie. Nakuomba tu, wakikuuliza, uwape jibu lako lenyewe palepale, hata kama sauti inatetemeka, hata kama unajiona mlafi. Hawatakuletea kigoda. Na siku mimi au mama yako tukiugua, wakikuonyesha gari, panda.

Ukiwa huku kwetu endelea kukataa chakula cha watu kama ulivyolelewa. Mtu anaweza kuwa na midomo miwili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, ilimradi asiichanganye. Mimi niliichanganya.

Nilitaka kuiweka barua hii ndani ya begi uisome njiani, lakini huo nao ungekuwa ujanja. Ukiamua kubaki ungeikuta wiki ijayo, na ukiamua kwenda ningekuwa nimesema ninachotaka wakati hakiwezi tena kukugharimu kitu wala kunigharimu mimi. Nitaipitisha chini ya mlango wako sasa hivi, kabla woga haujanirudia.

Usinijibu kwa mdomo. Mdomo wako nimeulea vizuri mno, utasema uko sawa. Begi lako nimelitoa sebuleni nikaliweka kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, katikati. Asubuhi huwezi kupita bila kuliinua. Ulitoe nje ulipakie kwenye pikipiki ya kwenda stendi, au ulirudishe ndani, ila uliinue wewe mwenyewe. Mama yako nimemkataza kuligusa, na mimi nitakuwa uani nimegeukia ukuta.

Baba yako,
Marwa